Picha: Shahidi au Hakimu?

Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii ilitungwa juu ya tabia za watu, lakini yaweza kusemwa pia juu ya miili yao. Kwa maelfu ya miaka tabibu alisimama mlangoni. Alitazama rangi ya macho, akapima joto la ngozi, akabonyeza tumbo, akauliza maswali, na kwa dalili hizo akakisia yaliyokuwa yakitendeka ndani. Njia ya kuingia ilikuwa moja tu, nayo ni kisu. Na aliyefungua kwa kisu ili atazame, aghalabu alikuwa amekwisha kudhuru kabla ya kujua. Leo mambo yamegeuka, na daktari huingia ndani pasipo kufungua. Insha hii haiulizi kama jambo hilo ni jema, maana wema wake ni dhahiri. Yauliza hivi: picha ikiisha kusema, ni nani mwenye haki ya kuhukumu? Nimechagua saratani ya ini iwe mfano, kwa kuwa katika maradhi haya picha imepewa madaraka makubwa kuliko katika maradhi mengine karibu yote.

Safari ya kuingia bila kisu ilianza Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua mionzi ipenyayo nyama na kuzuiwa na mfupa. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake, na ulimwengu ukaona mifupa ya mtu aliye hai, pete ikiwa kidoleni. Lakini mionzi hiyo ilikuwa na upungufu: ilitupa kivuli cha kila kitu juu ya kila kitu, na kiungo laini kama ini kilipotea katika ukungu wa viungo vingine. Mmoja wa walioona njia ya kutenganisha vivuli hivyo kwa hesabu alikuwa mwana wa Afrika, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1956, akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alijiuliza jinsi ya kujua kila sehemu ya mwili huzuia mionzi kiasi gani, mionzi hiyo ikipitishwa kutoka pande nyingi. Majibu yake aliyachapisha mwaka 1963 na 1964, na watu wachache waliyajali. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield, asiyeijua kazi ya Cormack, alitengeneza mashine, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mashine hiyo, iitwayo CT, huuonyesha mwili katika vipande vyembamba bila kumwaga tone la damu. Na mwenzake, MRI, hufanya hivyo kwa nguvu ya sumaku.

Katika habari hii liko neno la kukumbuka. Picha ya CT si picha kwa maana ya sura katika kioo. Ni hesabu iliyopewa umbo. Mashine haikuliona ini. Ilipima mionzi, ikapiga hesabu, ikachora. Kwa hivi, tangu mwanzo, kilicho mbele ya daktari ni maelezo juu ya ini, wala si ini lenyewe. Maelezo yaweza kuwa ya kweli sana, lakini hayaachi kuwa maelezo, na maelezo yote hutaka mtu wa kuyapima.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Lugha yetu imelitambua tangu zamani kuwa mahali pa uchungu: mtu aliyeambiwa neno la kuvunja moyo husema amekatwa maini. Kulikata kwa kisu ni kazi ya hatari kwa kuwa limejaa damu. Mwaka 1957 Claude Couinaud, bingwa wa maumbile ya mwili wa Ufaransa, alieleza kuwa ini lina sehemu nane, kila sehemu na mishipa yake ya damu na njia yake ya nyongo. Kwa elimu hiyo mpasuaji aweza kuondoa sehemu moja na kuziacha nyingine zikiishi. Tena ini lina ajabu yake: likikatwa, lililobaki hukua. Lakini hukua kwa sharti kwamba kilichobaki chatosha kumweka mtu hai katika majuma ya kungoja. Mpasuaji akikata kidogo mno, saratani hubaki. Akikata kingi mno, mgonjwa hufa kwa kukosa ini, hali saratani yake imetolewa yote. Kati ya makosa mawili hayo pana njia nyembamba, na picha ndiyo taa yake.

Yafaa kueleza jinsi picha inavyoitambua saratani hii, maana hoja yetu imesimama juu yake. Ini lenye afya hupata kiasi cha robo tatu za damu yake kutoka katika mshipa mkuu uletao damu ya matumbo, na robo iliyobaki kutoka katika ateri. Uvimbe wa saratani iliyozaliwa ndani ya ini huacha desturi hiyo, ukajijengea mishipa ya kunyonya ateri. Basi mgonjwa akidungwa dawa ya kuing'arisha damu pichani, uvimbe hung'aa baada ya nusu dakika hivi, ini likiwa bado limefifia; na baada ya dakika moja au zaidi, ini likiisha kung'aa, uvimbe hufifia. Mwizi hutambuliwa kwa saa anayokula. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa picha cha Marekani kilitoa utaratibu uitwao LI-RADS, ambao hupanga madoa ya ini kwa madaraja, tangu la kwanza, lililo salama bila shaka, hadi la tano, lililo saratani bila shaka. Kwa saratani nyingine karibu zote, daktari haanzi matibabu makubwa mpaka kipande cha nyama kimetolewa na kutazamwa kwa hadubini. Saratani ya ini husamehewa sharti hilo. Picha ikisema, yatosha.

Je, ni haki mtu kupata hukumu nzito namna hiyo kwa ushahidi wa picha peke yake? Nasema ni haki, kwa sababu tatu. Kwanza, sindano ya kutoa nyama ina hatari zake: yaweza kuvujisha damu, na mara chache hupanda mbegu za saratani katika njia iliyopitia. Pili, mpaka umewekwa wazi. Madaraja hayo hutumika kwa watu wazima wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, au wenye homa ya ini ya aina B iliyodumu, ambao saratani hii hutazamiwa kwao. Kwa mtu asiyekuwa na hali hizo, picha ile ile haitoshi, na nyama hutakiwa. Tatu, nayo ndiyo kubwa, kila ishara ina maelezo yake. Daktari mmoja akisema doa hili lang'aa, mwenziwe aweza kutazama na kubisha. Picha hapa ni shahidi aliyeambiwa aseme juu ya nini na anyamaze juu ya nini, naye amekubali kuulizwa maswali. Shahidi wa namna hiyo haaminiwi kwa sababu hawezi kukosea, bali kwa sababu kosa lake laweza kuonekana.

Ushahidi wa pili wa picha ni wa kiasi. Kabla ya kukata, kompyuta huchora ini lote, hutenga sehemu itakayoondolewa, na kupima itakayobaki. Kanuni ya kawaida yasema kwamba kwa ini lenye afya sehemu itakayobaki isipungue asilimia 20 au 25 ya ini zima, na kwa lenye sirosisi isipungue asilimia 40. Pengine kipimo hukataa. Lakini tazama, msomaji, kukataa huku kulivyo. Mgonjwa akiuliza kwa nini hapasuliwi, hujibiwa: ini litakalobaki halitoshi. Na kwa kuwa sababu imetajwa, watu waliweza kushindana nayo. Wapasuaji wa Japani, Masatoshi Makuuchi akiwa miongoni mwao, walianzisha katika miaka ya 1980 njia ya kuziba mshipa wa damu wa upande utakaokatwa, ili upande wa pili ukue kwa muda wa majuma kadha. Kisha picha hupigwa tena, na aliyekataliwa mwezi uliopita hukubaliwa mwezi huu. Mlango uliofungwa kwa sababu iliyo wazi waweza kutafutiwa ufunguo.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mpaka maarufu wa Milan. Mwaka 1996 Vincenzo Mazzaferro na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 48 waliopandikizwa ini jipya, waliochaguliwa kwa picha: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au mitatu kwa wingi, kila mmoja usiozidi sentimita 3, pasipo saratani kuingia katika mishipa mikubwa. Baada ya miaka 4, kwa hesabu yao, robo tatu walikuwa hai. Mpaka huo ulikuwa mkali, na wengi waliachwa nje kwa sentimita moja. Lakini ulikuwa mpaka uliosemwa kwa sauti. Mwaka 2001 madaktari wa San Francisco walitoa hoja ya kuusogeza hadi uvimbe mmoja wa sentimita 6.5, na majadiliano yakaendelea. Sheria iliyoandikwa yaweza kuwa kali, hata yaweza kukosa. Lakini hurekebishwa, kwa sababu kila mtu ajua mahali ilipo.

Sasa tumefika penye utata. Liko jambo ambalo mpasuaji hutaka sana kulijua kabla ya kukata, nalo jicho haliwezi kulionyesha: kwamba chembe za saratani zimeingia katika mishipa midogo ya kando ya uvimbe, au hazijaingia. Zikiwa zimeingia, hatari ya maradhi kurudi huongezeka. Na hata kwa jumla, kurudi kwa saratani hii baada ya upasuaji hufika hadi asilimia 70 katika miaka 5. Siri hiyo hufunuliwa na hadubini baada ya ini kukatwa, yaani baada ya shauri kukatwa. Katika miaka ya karibuni wataalamu wamejaribu kuifunua mapema. Mwaka 2012 Philippe Lambin na wenzake walieneza jina la radiomiksi kwa elimu ya kutoa katika picha mamia ya vipimo visivyoonekana kwa macho: kukwaruza kwa kivuli, mpangilio wa nukta, tofauti ya weupe na weusi. Kompyuta hufundishwa kwa picha za wagonjwa ambao mwisho wao wajulikana, kisha huulizwa juu ya mgonjwa mpya. Hujibu kwa namba, na mara nyingi namba hiyo hukaribia kweli kuliko makisio ya daktari. Lakini ukiuliza kwa nini, jibu halipo katika lugha ya watu. Nukta zilipangika hivi. Waliopangika hivi walirudiwa na maradhi. Basi na huyu vilevile.

Mpinzani atasema: dhara iko wapi? Daktari mzee naye hutazama mgonjwa akasema moyo wangu wakataa, asiweze kutoa sababu, nasi humheshimu. Dawa nyingi zilitumiwa na kuponya kabla watu hawajajua zifanyavyo kazi. Kama namba yasema kweli, yafaa tuifuate; mgonjwa hataki falsafa, ataka uzima. Hoja hii ina nguvu, na yapasa kujibiwa kwa adabu.

Nakubali kwamba kutojua sababu si kosa peke yake. Lakini pana tofauti kubwa kati ya kutoa na kunyima. Dawa isiyojulikana sababu hutolewa. Mgonjwa huikubali au huikataa, naye akipona au asipopona, matokeo huonekana, na ulimwengu hujifunza. Kunyima ni kinyume chake. Chukua mtu ambaye namba imesema saratani yake itarudi, na kwa namba hiyo peke yake akaambiwa upasuaji hautamfaa. Hapasuliwi. Maradhi humla, naye hufa. Wanaotazama husema namba ilitabiri kweli. Nani atajua kuwa angalipasuliwa angaliishi? Kosa la kunyima huzikwa pamoja na aliyenyimwa, na kaburi lake huhesabiwa kuwa ushahidi wa upande wa pili. Tena, kama picha za watu kama huyu zitatumiwa kuifundisha kompyuta ya kesho, itajifunza kwamba wenye nukta za namna hii hufa, wala haitajua kuwa walikufa kwa kuwa ilisema watakufa. Daktari mzee akikosea, hukosea kwa mgonjwa mmoja, na mwenziwe wa chumba cha pili aweza kumpinga. Namba ikikosea, hukosea katika hospitali mia kwa siku moja na kwa sauti moja, wala hapana chumba cha pili.

Kwa hivi kanuni ninayoitetea ni hii. Utabiri usioweza kueleza sababu yake utumike kufungua milango, usitumike peke yake kuifunga. Ukisema hatari ni kubwa, mpasuaji na aongeze upana wa nyama anayoiondoa kando ya uvimbe, ikiwa ini litakalobaki laruhusu. Na amwite mgonjwa kupigwa picha mara nyingi zaidi baadaye. Na amweleze ukweli huo achague mwenyewe. Lakini kumwambia mtu huna njia, yapasa kuwe na sababu ambayo mtu mwingine aweza kuisikia, kuipima na kuibisha. Asiyeweza kuulizwa hastahili kukata shauri. Huyo ni shahidi, na aketi mahali pa shahidi.

Liko swali jingine ambalo sisi wa pande hizi hatuna budi kuliuliza: shahidi huyu alijifunza wapi? Picha nyingi za kufundishia kompyuta hutoka Asia ya Mashariki, Ulaya na Marekani. Katika Afrika kusini ya Sahara saratani ya ini ina tabia zake. Aghalabu huwapata watu wakiwa bado vijana, na mzizi wake mara nyingi ni homa ya ini ya aina B iliyoambukizwa utotoni, ikisaidiwa na sumukuvu, sumu ya ukungu uotao katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Ubaya wa sumu hiyo Kenya iliuona kwa namna nyingine mwaka 2004, mahindi yalipowaugulisha ghafula watu 317 katika wilaya za mashariki, wakafa 125. Ini lililoumizwa kwa njia hiyo halikosi kuwa na sura zake. Kompyuta isiyopata kuziona sura hizo, ikiulizwa juu ya kijana wa Machakos au Dodoma, itajibu vilevile, kwa namba na kwa ujasiri. Maana mashine haina haya ya kusema sijui isipofundishwa. Mwamba ngozi huvutia kwake, na aliyefundishwa kwa ngozi ya wengine huvutia kwao, hata kama hakukusudia. Dawa ya jambo hili si kuikataa elimu, bali ni kutoa picha zetu, wasomaji wetu na madaktari wetu, ili shahidi awe amepata kufika kwetu kabla ya kusema habari zetu.

Yumkini mtu atauliza faida ya kujadili picha hizi mahali ambapo wagonjwa wengi hufika hospitali wakati hata upasuaji umekwisha kushindwa. Ni kweli kwamba chanjo ya homa ya ini, inayopewa watoto wachanga Taiwan tangu 1984 na iliyopunguza saratani hii kwa watoto wa huko, pamoja na ghala kavu la mahindi, vyaweza kuokoa maini mengi kuliko mashine yoyote. Lakini aliyekwisha kuugua naye ana haki. Tena adabu ya kutumia kipimo hufaa ijengwe kabla kipimo hakijafika. Kikiisha kuenea, watu huzoea. Na mazoea hayaulizi maswali.

Limebaki neno juu ya ulimi. Nilisema kwamba kwetu neno kali hukata maini. Msoma picha hufanya kazi yake katika chumba cha giza, mbali na uso wa mgonjwa, na aandikapo doa la daraja la tano huandika juu ya kivuli. Lakini karatasi yake itasomwa mbele ya mtu mwenye watoto. Wajibu wake wa kwanza ni kusema alionalo kwa kiasi cha yakini alichonacho, asizidishe ili aonekane bingwa, wala asipunguze ili ajikinge na lawama. Wajibu wa mpasuaji ni kutoificha nafsi yake nyuma ya picha. Asiseme picha imekataa, bali aseme mimi nakushauri hivi, na sababu yangu ni hii. Aliyetamka sababu amejiweka mahali pa kuulizwa, na huo ndio uungwana wa kazi yake. Na mgonjwa naye ana haki ya kuonyeshwa picha ya ini lake, aelezwe mahali uvimbe ulipo, mahali kisu kitakapopita, na kiasi kitakachobaki. Watu huamini kwamba mambo hayo yamepita akili ya asiyesoma. Sivyo. Mkulima ajua shamba laweza kukatwa kiasi gani lisiache kulisha nyumba.

Elimu imetupa jicho lionalo ndani ya nyumba iliyofungwa, nasi tushukuru. Lakini jicho hilo laona ini; halimwoni mwenye ini. Haliwezi kujua kama anataka miaka 5 yenye hatari au miezi michache yenye utulivu, wala kama binti yake ataolewa mwezi ujao. Mambo hayo husikiwa kwa masikio, baada ya kuuliza na kunyamaza. Kwa hivi shauri la mwisho litolewe na watu wawili wanaoonana uso kwa uso, mmoja mwenye ujuzi na mmoja mwenye mwili, picha ikiwa mezani kati yao.